Kuthubutu na Kuthibitisha: Ujasiri, Hekima na Uongozi katika Nyanda za Karatu na Ngorongoro

Katika Kiswahili, vitenzi kuthubutu na kuthibitisha ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili, pamoja na maneno thabiti na uthabiti, vimetokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kusimama imara pasipo kuyumba, lakini Kiswahili kilipovipokea kilivigawia kazi ambazo mtu asingetarajia kuzikuta katika ukoo mmoja, kwani anayethubutu hutenda jambo ambalo mwisho wake bado haujulikani, ilhali anayethibitisha huliweka jambo peupe hadi shaka ikaondoka. Undugu huo unastahili kuchukuliwa kwa uzito na kila anayetaka kuelewa jinsi ujasiri unavyohusiana na hekima, na jinsi vyote viwili vinavyohusiana na kazi ya kuongoza watu. Hekima huanza pale mtu anapothubutu kusema analoliona na kisha kukubali lipimwe mbele ya wenzake, na kiongozi asiyekubali kupimwa huendelea kuwa na mamlaka kwa muda mrefu, pengine hadi kufa kwake, bila kuongeza hekima hata punje.

Maneno yanayokaribiana yanahitaji kutenganishwa kidogo. Ushujaa, kwa matumizi yaliyozoeleka, hupimwa kwa hatari inayoukabili mwili: shujaa ni wa vita, wa mawindo, wa kujitosa majini ili kumwokoa anayezama. Ujasiri ni mpana zaidi, kwa kuwa unaingia pia katika hatari za heshima na cheo, na katika ile hatari ya kubaki peke yako wakati wenzako wote wamekubaliana. Hekima ni ujuzi uliokomaa kiasi cha kujua mipaka yake, na busara, neno ambalo kwa asili yake linahusiana na kuona, ni uwezo wa kuutumia ujuzi huo kwa wakati na mahali pake. Wahenga walioacha methali isemayo kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio hawakuwa wakiusifu woga, bali walikuwa wakionya kwamba ushujaa usio na macho huwaachia jamaa msiba. Hata hivyo methali hiyo inahusu ushujaa wa mkuki. Upo ujasiri mwingine ambao haumpeleki mtu kwenye kilio bali kwenye aibu, na aibu, kwa walio wengi, huogopwa kuliko jeraha.

Ni vigumu kupata mahali panapofaa zaidi kulitazama jambo hili kuliko nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha. Upande mmoja wa ukingo iko kreta ya Ngorongoro, bonde la duara lenye sakafu ya takriban kilomita za mraba 260 na kuta zinazofikia mita 600. Upande wa pili ardhi inateremka kupitia mashamba ya ngano, mahindi na mbaazi ya Karatu hadi kwenye vitunguu vya Mang'ola na maji ya chumvi ya Ziwa Eyasi. Katika eneo hilo wanakutana Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, Wamaasai na Wadatoga, ambao lugha zao ni za Kiniloti, wasemaji wa lugha za Kibantu waliohamia kutoka pande nyingi za nchi, na Wahadzabe, ambao lugha yao haijapatiwa ndugu wa uhakika popote duniani. Wamepigana, wameoana, wamebadilishana mifugo na nafaka, na kila jamii imelijibu kwa njia yake swali la nani asikilizwe na kwa nini.

Jibu la Wahadzabe ndilo linalomshangaza zaidi mtu aliyelelewa chini ya machifu au serikali, kwa sababu kwa desturi yao hawana mtawala. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kuwachunguza mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza jamii ambayo hakuna awezaye kumwamuru mwenzake, na ambayo asiyeridhika kambini hubeba vitu vyake vichache na kuhamia kambi nyingine. Haina maana kwamba hakuna anayefuatwa. Mtu hufuatwa katika jambo analolijua, kwa muda ambao ujuzi wake unaendelea kuonekana. Jambo hilo linaonekana vizuri pale mtu anapopanda mbuyu kutafuta asali. Mpandaji huchonga vigingi vya mti mgumu, akapigilia cha kwanza kwenye shina kwa mgongo wa shoka, akakikanyaga kwa mguu mmoja kabla ya kukikabidhi uzito wake wote, kisha akasimama juu yake ili apigilie cha pili, na cha tatu, huku kijinga cha moshi kikimsubiri kwa ajili ya nyuki walioko juu. Vigingi vya wapandaji waliotangulia hubaki kwenye shina kwa miaka, na anayekuja baadaye huvikuta vikiwa tayari, ila havikanyagi kwa heshima ya waliovipigilia. Huvijaribu upya, kimoja kimoja. Katika mwendo huo kuthubutu na kuthibitisha vimekuwa kitendo kimoja: kila kigingi ni dai, na uzito wa mwili ndio hoja inayolipima.

Elimu ya kisayansi iliyopatikana katika nyanda hizi imefuata njia hiyo hiyo, ingawa historia yake husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilikuwa orodha ya bahati njema. Louis Leakey alifika bonde la Olduvai, ambalo Wamaasai huliita Oldupai kwa jina la mkonge pori unaoota humo, mwaka 1931, na fuvu lililolipa jina bonde hilo duniani liligunduliwa na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, yaani baada ya miaka 28. Ila mfano wenye mafunzo zaidi ni wa Laetoli, kilomita kadhaa kusini mwa Oldupai, ambako majivu ya volkeno yaliyoloweshwa na mvua na kisha kukauka kama saruji yalihifadhi nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita. Kwa mujibu wa simulizi iliyochapishwa na Donald Johanson na Maitland Edey mwaka 1981, baada ya alama ya kwanza kupatikana mwaka 1978, mfanyakazi wa kambi aitwaye Ndibo Mbuika alitumwa kuendelea kuchimba, akarudi na taarifa kwamba kuna nyayo zaidi na kwamba mojawapo ni kubwa sana, akionyesha ukubwa wake kwa mikono yake miwili. Taarifa hiyo ilipokewa kama kutia chumvi. Wakuu wa kambi walipokwenda wenyewe kutazama, nyayo zilikuwepo, na ukubwa wake ulikuwa ule aliouonyesha.

Tukio hilo ni dogo na vitabu vingi hulipita, lakini ndani yake mna karibu kila kitu ambacho tafakari hii inakitafuta. Mtu wa cheo cha chini aliona kitu ambacho wenye shahada walikuwa bado hawajakiona, na ujasiri wake ulikuwa kukisema kwa kipimo kamili bila kukipunguza ili kiaminike kwa urahisi, jambo ambalo ni jaribu la kila mtumishi mbele ya mkubwa wake. Kwa upande mwingine, wakuu wa kambi, ambao hawakuiamini taarifa, walinyanyuka wakaenda kutazama, na hatua hizo chache kati ya kambi na shimo ndizo zilizotenganisha kiongozi wa utafiti na mtu mwenye cheo tu. Ilikuja kuthibitika kwamba viumbe wale walitembea wima kabla ya ubongo wa jamii ya binadamu kuwa mkubwa na kabla ya zana za mawe zilizokuwa zikijulikana wakati huo, na wataalamu wengi wakalazimika kubadili mpangilio waliokuwa wameufundisha. Watafiti walibaini pia kwamba mmoja wa viumbe hao alikuwa akikanyaga ndani ya nyayo za mwenzake aliyetangulia, mguu juu ya mguu.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 1976 ilikuwa imepatikana karibu na hapo mikanyago mingine mitano yenye umbo lisilo la kawaida, ambayo baadhi ya wataalamu waliihesabu kuwa ya dubu, na kwa miongo mingi hakuna aliyejali sana. Mwaka 2019 ilifukuliwa upya na watafiti, akiwemo Mtanzania Charles Musiba, na mwaka 2021 wakachapisha hoja kwamba ilikuwa ya kiumbe mwingine wa jamii ya binadamu. Kabla yao, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wamegundua na wenzao nyayo nyingine, umbali wa takriban mita 150 kutoka zile za 1978, walipokuwa wakikagua ardhi iliyokusudiwa kujengwa makumbusho. Matokeo yao yalitoka mwaka 2016. Ardhi iliyodhaniwa kwamba imekwisha kusomwa ilikuwa na ukurasa mwingine, na kilichohitajika ili kuufungua ni watu wasioogopa kuonekana wakirudia kazi ya wakubwa wao.

Kwa Wamaasai wa Ngorongoro, njia ya kutoka kwenye ushujaa hadi kwenye hekima imejengwa ndani ya mfumo wa marika, yaani makundi ya wanaume waliotahiriwa katika kipindi kimoja na wanaopanda ngazi za maisha kwa pamoja, kutoka umorani hadi uzee. Kila rika jipya huwa na walezi wake, wazee wa olpiron, ambao ni wa rika lililotangulia kwa hatua mbili na ambao kwa desturi ndio wanaowawashia moto vijana hao. Kiongozi wa rika huitwa laigwanani, na jina hilo lina mafunzo makubwa, kwa kuwa linatokana na shina lenye maana ya kushauriana. Mkutano wa kujadili mambo, engigwana, umechipuka kutoka shina hilo hilo. Hivyo laigwanani ni mtu wa shauri kwanza. Huchaguliwa akiwa bado kijana, kwa tabia yake iliyochunguzwa na wazee bila yeye kujua, na hukabidhiwa rungu jeusi ambalo atalibeba mikutanoni maisha yake yote. Rungu hilo ni fupi na laini kwa kushikwa, haliui simba. Umorani wote ulimfundisha kijana kushika mkuki mbele ya mnyama, na sasa anapewa silaha isiyofaa kwa mnyama, ili aanze kujifunza kusimama mbele ya watu.

Mkutano wenyewe huwa chini ya mti. Anayesema husimama, ameshika fimbo, na waliobaki hukaa kimya hadi amalize, hata kama anasema mambo ambayo kila aliyeketi anayaona kuwa ni makosa. Kwa mtu aliyezoea vikao vya mjini, ukimya huo huonekana kama adabu tu, kumbe ni mtihani, kwa maana msemaji hapati pingamizi la kumsaidia kujua amepotea wapi. Anabaki na maneno yake mwenyewe mbele ya macho ya wazee. Laigwanani, ambaye huongoza mjadala, hutarajiwa kusikiliza kuliko wote na kuyakusanya yaliyosemwa, yakiwemo ya waliompinga, kwa namna ambayo wapinzani wenyewe watakiri kwamba ndiyo waliyoyasema. Kazi hiyo ni ngumu kuliko hotuba. Wairaqw nao wana slufay, dua ndefu ya kishairi ambayo mzee huitamka kwenye mkusanyiko huku wasikilizaji wakiitikia, na katika utaratibu huo pia sauti ya kiongozi haikamiliki bila ya wengine.

Jinsi ushujaa wa zamani unavyoweza kugeuzwa bila kuvunjwa, imeonekana katika kazi ya kulinda simba. Kuua simba kulikuwa kipimo cha umorani, na hata baada ya sheria kukataza, simba waliendelea kuuawa kwa kisasi kila walipovamia mifugo. Mradi wa KopeLion umewaajiri vijana wa Ngorongoro wenyewe, wakiwemo waliowahi kuwa wawindaji wa simba, kuwa walinzi wanaoitwa ilchokuti, ambao hufuata nyayo za simba, huwatahadharisha wachungaji wasipeleke mifugo upande fulani, hutafuta ng'ombe waliopotea na kusaidia kuimarisha maboma. Sehemu nzito ya kazi yao huja pale simba anapokuwa amemla ng'ombe, na vijana wa rika la mlinzi wamekwisha kushika mikuki. Mlinzi huyo husimama njiani mbele ya watu aliokula nao nyama, ambao wanajua hakika kwamba si mwoga, na kuwaomba warudi nyumbani. Mikono yake haina kitu, na kinachowazuia ni historia yake tu. Yeyote asiyekuwa na historia hiyo, hata awe na hoja nzuri namna gani, wangempita.

Ugumu wa kusimama mbele ya watu wako mwenyewe ulijulikana pia zamani, mbali na nyanda hizi. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika majadiliano yaitwayo Laches ambamo majemadari wawili, watu wa vita waliothibitika, wanaulizwa ujasiri ni nini na wanashindwa kujibu. Mmoja wao, Nicias, anajaribu kusema kwamba ujasiri ni aina ya ujuzi, ujuzi wa kinachostahili na kisichostahili kuogopwa. Mwisho wa Nicias katika historia ni wa kuhuzunisha. Mwaka 413 kabla ya Kristo aliongoza jeshi la Athens huko Sicily, akaona wazi kwamba vita vimeharibika, lakini, kama alivyoandika mwanahistoria Thucydides, alikawia kurudi kwa sababu aliogopa hukumu ya wananchi wenzake kuliko alivyoogopa adui. Baadaye kupatwa kwa mwezi kukamchelewesha zaidi, na jeshi lote likaangamia. Hakupungukiwa ujuzi wala ushujaa wa mwili. Alipungukiwa ule ujasiri wa kusimama mbele ya watu wake na kuwaambia wasichotaka kusikia.

Ujasiri huo huwapasa pia wanaoongozwa, na hapa historia ya siasa ya Mbulu na Karatu ina jambo ambalo halijatafakariwa inavyostahili. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, uliotangulia uhuru, TANU ilipata viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, wilaya ambayo wakati huo Karatu ilikuwa ndani yake, ambako Herman Sarwatt, mwana TANU aliyesimama kama mgombea binafsi, alimshinda mgombea rasmi wa chama. Wapigakura wale hawakuupinga uhuru, na Sarwatt hakuwa adui wa TANU. Walichokifanya ni kutenganisha utii kwa jambo kubwa na utii kwa jina lililoteuliwa, katika mwaka ambao kutenganisha huko kungeweza kuitwa usaliti. Miaka 35 baadaye, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo kurejeshwa mwaka 1992, Karatu ilimchagua Wilbrod Slaa, padri wa zamani aliyejiunga na CHADEMA baada ya chama tawala kutolipitisha jina lake, na jimbo hilo likabaki mikononi mwa upinzani hadi 2020. Iwe mtu anakubaliana na chaguzi hizo au hakubaliani nazo, na Karatu kwenyewe wapo wengi wa kila upande, zinaonyesha jamii iliyozoea kumjaribu kiongozi kwa mguu mmoja kabla ya kumkabidhi uzito wote.

Katika Ngorongoro mtihani huo bado unaendelea, na uzito wake ni mkubwa. Tarehe 21 Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia sahihi makubaliano ya kuiachia Serengeti ya magharibi, na mwaka uliofuata ikaundwa Hifadhi ya Ngorongoro, eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,292 ambalo wanyamapori na wafugaji wangelitumia kwa pamoja. Agosti 1959 Gavana Richard Turnbull aliliahidi baraza la Wamaasai kwamba pakitokea mgongano kati ya wanyamapori na wenyeji, maslahi ya wenyeji yatatangulizwa. Wakazi wa hifadhi wakati huo walikuwa takriban 8,000. Leo wanakadiriwa kufikia 100,000. Mwaka 1974 familia zilizoishi ndani ya kreta ziliondolewa, mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku, na tangu 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia Msomera, wilayani Handeni, wale wanaojiandikisha, zoezi ambalo baadhi ya wakazi wanalikubali na wengi wamelipinga wakisema huduma zao zinapunguzwa ili waondoke. Agosti 2024 maelfu yao walikusanyika kando ya barabara kuu inayopita hifadhini, na tarehe 1 Desemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa jamii hiyo jijini Arusha na kutangaza kwamba zitaundwa tume mbili, moja ya masuala ya ardhi na nyingine ya zoezi la kuhama.

Ni rahisi kwa mtu wa mbali kuwahukumu wale wazee 12, akasema waliogopa, au akasema waliona mbali. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba makubaliano waliyoyatia sahihi yalikuwa dai, na kwamba wao waliyakanyaga kwa uzito wa watu wao wote kabla hayajajaribiwa. Anayekaa barazani leo kwa niaba ya wafugaji analazimika kuwakumbusha wenye mamlaka ahadi ya 1959, jambo linalohitaji moyo, na analazimika pia kuwaambia wenzake kwamba malisho yaliyowatosha watu 8,000 hayawezi kubeba 100,000 kwa desturi zile zile, jambo linalohitaji moyo mkubwa zaidi kwa sababu walio mbele yake ni rika lake. Anayekaa upande wa serikali naye anayo safari yake kutoka kambini hadi kwenye shimo: kuacha taarifa iliyoandikwa mezani na kwenda kuwasikiliza, huko hifadhini Endulen, Nainokanoka na Nayobi, na Msomera pia, watu wanaoonyesha kwa mikono yao miwili ukubwa wa walichokiona.

Mikutano ya chini ya mti ingali inafanyika. Mzee husimama chini ya mgunga, fimbo mkononi, akaanza kwa kutaja mvua na hali ya ng'ombe kama ilivyo ada, na baada ya muda mrefu hufika kwenye jambo lenyewe. Wengine hukaa kimya. Laigwanani amelaza rungu jeusi juu ya mapaja yake, anasikiliza neno asilolipenda, na zamu yake ya kusema bado haijafika.